“Mama, ule kijana alikuwaka kweli?”

Swali la msomaji:

“Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Jumapili nafundisha ekodim (shule ya Jumapili), watoto wa miaka 8 hadi 11. Nilipata kitabu cha Kifaransa kinachosimulia maisha ya kijana wa Bunkeya, huku Katanga, wakati wa mfalme Msiri, jinsi alivyowaona wamisionari wa kwanza wakifika. Nawageuzia kwa Kiswahili, sura moja kila Jumapili, na tangu nianze hakuna mtoto anayechelewa. Juma lililopita mwanangu wa miaka 9 akaniuliza: ‘Mama, ule kijana alikuwaka kweli?’ Nikamjibu hapana, mwandishi alimtunga. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: ‘Njo kusema ulitudanganya mu kanisa?’ Mzee mmoja wa kanisa alikuwa karibu, akasikia. Sasa anasema niache kitabu hicho, na amenisomea 2 Petro 1:16 kuhusu hadithi zilizotungwa kwa werevu. Niache? Na mtoto nimjibu nini?”

Jibu:

Usiache, mama. Ila mwanao amekushika mahali pa haki, na mzee wa kanisa naye ana sababu ya kuogopa. Tuanze na mtoto, maana yeye ndiye anayengoja jibu.

Wasimulizi wa pwani wana desturi ninayowaonea wivu. Kabla hadithi haijaanza wanaita: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo unaalikwa kwa jina lake, unakaa kikaoni kila mtu akiuona, na hakuna anayetoka pale akilia kwamba amedanganywa. Wewe ulianza moja kwa moja na sura ya kwanza. Ungekuwa unasimulia habari za sungura na fisi, hilo lisingekuwa na neno, kwa kuwa hakuna mtoto wa miaka 9 anayedhani sungura alimkopa fisi franga zake. Lakini Msiri alikuwapo. Bunkeya ipo hata leo. Mtoto akisikia jina la kweli, mji wa kweli na mwaka wa kweli, kisha katikati yao akapita kijana anayechota maji, atajuaje kwamba huyo mmoja ametoka kichwani mwa mtu? Hadithi ya kihistoria ni vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja, na fundi hodari huuficha mshono. Mwalimu wa ekodim kazi yake ni kuugeuza upande wa ndani ili watoto wauone uzi.

Nikija kwa mzee wako: fungua 2 Samweli mbele yake, kwa heshima. Katika sura ya 1 kijana Mwamaleki anafika kwa Daudi, nguo zimeraruka, udongo kichwani, anasema ni yeye aliyemmalizia Sauli, na taji hii hapa, na kikuku hiki hapa. Lakini ukirudi nyuma ukurasa mmoja tu, kwenye 1 Samweli 31, unakuta Sauli aliuangukia upanga wake mwenyewe. Wafasiri wengi wanaona kijana alitunga akitumaini zawadi. Alichopata ni kifo. Halafu nenda sura ya 12. Nabii Nathani anaingia kwa Daudi huyohuyo na habari ya tajiri mwenye makundi ya kondoo, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyekula tonge lake na kulala kifuani pake. Tajiri yule hakuwapo. Mwana-kondoo hakuwapo. Daudi anawaka hasira, anatoa hukumu, na hapo Nathani anamwambia: “Wewe ndiwe mtu huyo.”

Watu wawili, mfalme mmoja, na wote wawili wametunga. Mwamaleki alitunga juu ya marehemu wa kweli, kwa faida yake, akitaka aaminiwe siku zote. Nathani alitunga watu wasio na jina, na baada ya dakika chache akaufumua mshono kwa mkono wake mwenyewe, ukweli ukatoka. Nimewahi kuwaigizisha watoto habari hizi mbili Jumapili moja, moja baada ya nyingine, bila kuwaeleza kitu. Kisha nikauliza: nani kati yao alisema uongo? Walibishana mpaka waimbaji wakaja kutudai chumba.

Ile aya ya Petro nayo isomwe hadi mwisho. Anasema hatukufuata hadithi zilizotungwa kwa werevu, bali tulikuwa tumeuona wenyewe ukuu wake. Anaongea kama shahidi aliyekuwa mlimani. Anachokataa ni kitu cha kutungwa kuketishwa kwenye kiti cha ushahidi. Kwa hiyo mzee wako, bila kujua, amekupa kanuni nzuri sana, nawe uishike: hadithi ikae kwenye kiti cha hadithi. Bwana Yesu mwenyewe alifanya hivyo. Barabara ya kushuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ilikuwapo, makuhani na Walawi walikuwapo, na chuki kati ya Wayahudi na Wasamaria kila aliyesikiliza aliijua. Mtu aliyeachwa nusu mfu hana jina. Na anayetuandikia mfano huo ni Luka, yuleyule aliyemwambia Theofilo mlangoni mwa Injili yake kwamba amechunguza mambo yote kwa usahihi tangu mwanzo. Mchunguzi na mfano, kalamu moja.

Hapo hapo kwa Luka pana mtego ambao sisi walimu wa ekodim tunautega wenyewe kila Desemba. Mwenye nyumba ya wageni katika habari ya Msamaria yupo, sura ya 10, na analipwa dinari mbili. Yule wa Bethlehemu je? Katika mchezo wa Noeli wavulana hupigania nafasi yake kuliko ya Yosefu, kwa sababu anashika funguo na anapiga kelele “Hakuna nafasi!” Mtafute katika Luka 2. Utakuta hapakuwa na nafasi, basi; hakuna mtu aliyefungua mlango wala aliyeufunga. Mamajusi nao Mathayo hakuwahesabu, wala hakuwaita wafalme. Simwambii mtu afute mchezo wa Noeli. Nawaambia watoto baada ya mchezo: haya, nani kati yetu leo hayumo katika Biblia? Mwenye funguo anainua mkono akicheka, na mambo yanaishia hapo.

Niwe mkali kwenye jambo hili kwa sababu liliwahi kuniunguza. Miaka mingi iliyopita niliwasimulia watoto habari za Simon Kimbangu, yule mhubiri Mkongo. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu Oktoba 1921 viboko 120 na kifo. Adhabu ya kifo ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa huku kwetu, Elisabethville ya wakati huo, akakaa gerezani hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30 katika mji huu, na watoto wengi wa hapa hawajui. Nilitaka waguswe, basi nikamtungia sala. Ilikuwa sala nzuri, nilijivunia, eti Kimbangu aliiomba usiku wake wa kwanza gerezani. Baada ya mwaka mmoja msichana wa darasa langu alisimama mbele ya kanisa siku ya sikukuu, akaisoma kwa kichwa: “Sala ya Simon Kimbangu.” Watu wakasema amina. Ibada ilipokwisha mzee mmoja mgeni, Mkimbangu, muumini wa kanisa la Kimbangu, alinifuata nje, akavua kofia, akaniuliza kwa upole kabisa: “Mwalimu, sala hii mliipata wapi? Sisi hatuna.”

Sikuwa na pa kujificha. Nilimwambia ukweli. Hakunigombeza, alikunja tu karatasi aliyokuwa ameiandikia maneno yale, akanirudishia.

Tangu siku ile nina mpaka wangu. Natunga mtoto, natunga mbuzi, natunga mvua na harufu ya moshi. Mtu aliyeishi kweli simtungii maneno, hasa maneno ya sala, na kama kitabu kimemtungia, nasimama na kuwaambia watoto: hapa mwandishi anakisia. “Usimshuhudie jirani yako uongo,” Kutoka 20:16 (kwetu Waprotestanti wengi ni amri ya tisa, kwa ndugu zetu Wakatoliki ni ya nane, watoto wakija na ugomvi huo usishangae). Mtu haachi kuwa jirani kwa kuwa amekufa. Kwa kweli marehemu ndiye jirani anayehitaji ulinzi zaidi, maana hawezi kusimama na kukanusha.

Turudi kwenye kitabu chako. Kabla ya sura inayofuata, chukua dakika kumi na chaki za rangi mbili. Kwa nyeupe andika yale yanayoshuhudiwa. Msiri alitoka kwa Wanyamwezi, Tanzania ya leo, akajenga ufalme wa Wayeke uliofanya biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa. Frederick Stanley Arnot, Mskoti, alifika Bunkeya mwaka 1886, na Msiri akamruhusu akae. Dan Crawford alifika mwaka 1890. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, uliokuja kwa ajili ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, na Bodson naye akapigwa palepale, akafa. Kwa chaki nyekundu andika: kijana wetu, mama yake, rafiki yake, mtumbwi wake. Usiongeze mengi. Watoto watakuongezea wenyewe, na wataanza kukukatiza katikati ya sura: “Mama, hii ni nyekundu!” Wakifika hapo wameshajua kusoma.

Halafu waachie uwindaji. Watoto wanapenda sana kumkamata mtu mzima akikosea, na waandishi wa hadithi za zamani huacha nyayo. Kitabu kikisema msafara ulipita “mjini Lubumbashi” mwaka 1891, wapige makofi: mji ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville, na jina Lubumbashi ulilipata mwaka 1966. Lakini mtoto mwerevu atasema mto Lubumbashi ulikuwapo. Ndiyo, mto ulikuwapo, mpe pipi. Gari la moshi nalo lilifika hapa mwaka huohuo wa 1910, kwa hiyo kijana wa Bunkeya hakulisikia likipiga honi.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza, lakini lazima nikuambie. Hadithi nyingi za wamisionari wa kwanza, hata zile zenye moyo mzuri, zina ugonjwa mmoja: zinapaka giza kila kitu kilichokuwapo kabla ya mzungu kushuka na Biblia, ili taa ing’ae zaidi. Mtoto wa Katuba anasikia kwamba mababu zake walikuwa wamekaa tu, hawajui lolote, wanangoja. Hiyo nayo ni kumshuhudia jirani uongo. Watu wa nchi hii waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, wakaimwaga katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika kama fedha na imekutwa ndani ya makaburi ya zamani sana. Bendera ya Katanga ya mwaka 1960, jimbo letu lilipojitenga na Kongo, ilichorwa misalaba mitatu ya namna hiyo. Ukiwaonyesha watoto picha yake watakuambia mara moja: wamisionari waliileta! Hapana. Umbo ni lile, maana ni nyingine, na mhunzi aliyeimwaga hakuwa amesikia habari za Golgotha. Nimeona watoto wakikaa kimya kabisa mbele ya jambo hilo.

Lakini usiende ukaanguka upande wa pili wa barabara. Siku hizi kuna wanaomfanya Msiri mtakatifu aliyeonewa tu. Aliuza watu. Na waliomuua hawakuja kuwakomboa hao watu. Walikuja kuiweka bendera ya Leopold juu ya nchi yenye shaba. Mkristo anayesoma historia hatakiwi kushangaa kwamba pande zote zina dhambi, maana ndivyo Biblia yenyewe inavyowasimulia wafalme wake, Daudi akiwa wa kwanza. Kwa hiyo kitabu chenye mtu mmoja asiye na doa hata moja, awe mzungu au mwafrika, mimi nakiwekea alama ya kuuliza pembeni. Muulize mwanao: katika sura hii, nani hakupewa nafasi ya kusema? Mara nyingi ni mtumwa anayepita nyuma na mzigo. Na hapo ndipo faida ya kitabu chako inapoonekana, mama. Wengi walioandika habari za Bunkeya ya wakati ule ni maofisa na wamisionari. Hakuna aliyeandika jina la mtoto aliyekuwa akichota maji siku ile risasi ilipolia. Mungu alilijua, sisi hatulijui. Mwandishi anayemtunga mtoto huyo kwa uangalifu anamwekea kiti mtu aliyekuwapo kweli bila kuandikwa, kwa maana watoto wa kuchota maji hawakukosekana.

Wale wa miaka 11 unaweza kuwapeleka mbali kidogo. Mchoraji wa mji huu, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia ya nchi nzima kwa picha zipatazo mia moja, miaka ya 1973 na 1974. Katika picha moja Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, amelala chini amekufa, pamoja na wenzake Mpolo na Okito, na nyuma yao kuna misalaba mitatu. Waulize kipi cheupe, kipi chekundu. Tarehe 17 Januari 1961 ni nyeupe. Watu watatu, nyeupe. Kwamba waliuawa nje ya mji wetu huu, nyeupe. Misalaba hakuna aliyeiona. Mchoraji aliiweka kwa sababu alikuwa na neno la kusema. Je, ana haki ya kulisema hivyo? Mimi nina maoni yangu: naona alivuka mpaka, na bado ningeitundika picha ile ukutani kwangu. Wewe waache wajibu kabla hawajakusikia. Wale wa miaka 8 usiwape picha za maiti, watakusumbua usiku.

Kuhusu mwanao. Usimweleze Nathani wala Petro leo. Mwambie: “Hapana, hakuwapo. Msiri alikuwapo. Nilipaswa kuwaambia kabla ya kuanza, nisamehe.” Neno hilo la mwisho ulitamke hivyohivyo, mama kwa mtoto. Jumapili ijayo uwaambie wote, na mzee wa kanisa umkaribishe akae nyuma asikilize. Mpe yeye chaki nyeupe ashike.

Na kitabu kikiisha, kabla hujatafuta kingine, wape kazi ya nyumbani. Kila mtoto aende kwa kambo wake, yaani babu au bibi yake, amuulize siku moja ya utoto ilikuwaje: alikula nini, alivaa nini, aliogopa nini. Kisha aandike hadithi fupi, na kila alichotunga akipigie mstari kwa kalamu nyekundu. Wengine watakuletea batumbula, wale wakamata-watu waliowatisha wazee wetu enzi za wabeleji. Usiwakatalie, waulize tu mstari mwekundu uanzie wapi. Mimi bado ninalo daftari la msichana mmoja wa Kamalondo, miaka 9, aliyesimulia utoto wa kambo wake aliyelelewa kwenye kambi ya Union Minière. Rangi mbili hazikumtosha, akaongeza mabano yake mwenyewe. Nakunukulia alivyoandika:

“Asubuhi kambo alikula bukari ya jana (kweli). Na samaki (sijui, nimeweka mimi). Akaenda masomo bila viatu (kweli). Njiani akaona nyoka mkubwa (hii nimetunga). Akafika akachapwa kwa kuchelewa (kweli). Hakulia (kambo anasema kweli, kambo mwanamke anasema ni nyekundu).”